Siku Saba za Kunyamaza

Kinyozi waliyembatiza jina la Maelezo alikuwa na viti viwili dukani, kioo kimoja chenye ufa, na mdomo usiojua likizo. Mteja aliyeingia saa nne asubuhi alitoka saa sita, na katika saa hizo mbili nywele zilichukua dakika kumi na tano tu. Dakika zilizobaki zilikuwa za kupiga domo. Kila hadithi ilipofika patamu, Maelezo aliizima mashine na kuishika hewani, mteja akabaki nusu kichwa kimenyolewa na nusu kama alivyokuja nacho. Mtu hawezi kutoka nje na kichwa cha namna hiyo, kwa hiyo wateja wake wote walikuwa wasikilizaji wazuri.

Tangazo lilibandikwa ukutani mwa posta. Ofisi ya hali ya hewa ilimtaka mtu mmoja wa kukaa miaka minne kileleni mwa mlima, peke yake, asome vipimo vya mvua na upepo mara tatu kwa siku. Hakuna simu, hakuna mgeni, hakuna kushuka. Chakula kingeachwa getini kila mwezi, na aliyekileta angekuwa ameshaondoka. Malipo yalitosha kununua duka, nyumba aliyopanga kinyozi, na hata ile ya jirani, ili baadaye uwe unachagua majirani mwenyewe.

Dukani wakabishana nani angekubali. Dereva wa lori alisema mwezi mmoja ungemtosha kuanza kuongea na mawe. Mwalimu mstaafu alisema angekwenda, ila na mke wake, halafu akafikiri kidogo akasema, la, bila mke wake.

"Ningekuwa mimi, ningekwenda hata kesho," akasema Maelezo.

Walicheka mpaka dereva akashika mbavu. "Wewe? Wewe hata mswaki ukiwa mdomoni unaongea!"

Hilo lilimchoma. Asubuhi alisema kwa hasira kwamba atakwenda kweli, jioni alikuwa ameshalisema kwa watu hamsini, na baada ya wiki neno hilo halikuwa na pa kurudi tena. Akajaza fomu. Kwa miezi mitatu kila aliyekalia kiti chake alisikia habari za mlima, jinsi utulivu unavyomjenga mwanamume, na jinsi yeye Maelezo, kwa kweli, alivyozaliwa mtu wa upweke, basi tu kazi hii ya watu ndiyo iliyomharibu.

Ukweli ni kwamba hakutaka kwenda. Alitaka kuombwa asiende. Alishaona yote kichwani: mke wake anamshika shati, anasema pesa si kitu, baba watoto, usituache. Yeye anakataa mara ya kwanza, anakataa mara ya pili, na mara ya tatu anaketi chini akishusha pumzi na kusema, haya, kwa ajili yenu. Maneno yenyewe alikuwa ameshayachagua.

Alipowaeleza nyumbani, mke wake alikuwa anakunja nguo. Hakuinua macho. "Kama ndicho moyo wako unachotaka, mimi niko radhi," akasema.

"Miaka minne si mingi," akaongeza mama mkwe, ambaye alikuwa analala sebuleni tangu alipohamia kwao. "Na hiyo nyumba mtakayonunua, mkwe, vyumba vyake vina madirisha?"

Binti yao, aliyekuwa anamaliza sekondari, alimwangalia baba yake, akasema atasoma kwa bidii. Hakuna aliyeshika shati la mtu.

Mkaguzi wa ofisi akaja, mwembamba, faili kwapani. Alieleza kwamba mtu wa mwisho waliyempeleka bila majaribio alishuka wiki ya tatu, amekipa kila kipimo cha mvua jina na amegombana na viwili. Sasa kuna mtihani. Mwombaji anakaa siku saba katika chumba kimoja, nyumbani kwake mwenyewe, bila kutamka neno. Kila jioni mashahidi wawili wa nyumba hiyo wanatia sahihi kwamba hawakumsikia.

"Kwa nini nyumbani?" akauliza Maelezo.

"Anayeweza kunyamaza huku anasikia watu wake nje ya mlango, mlimani atalala usingizi mnono. Na pia ofisi haina bajeti ya chumba."

"Na kukohoa?"

"Kohoa utakavyo. Neno moja tu, umeshindwa."

Wakamwekea godoro stoo, katikati ya magunia na baiskeli mbovu. Mashahidi walikuwa mke wake na mama mkwe.

Siku ya kwanza alijikaza. Siku ya pili alikaa chini ya kidirisha kinachotazama njia, akawasikia wateja wake wakipita. Shemeji yake, mtu asiye na maneno mengi, ndiye aliyeshika mashine. "Nimenyolewa kwa robo saa!" alisema mmoja. "Nimefika kazini mapema, bosi kaniuliza kama naumwa." Maelezo aliuma kidole.

Siku ya tatu ilikuwa mbaya zaidi. Wakati wa chakula cha mchana, upande wa pili wa mlango, binti yake alianza kusimulia kisa cha mwalimu wao aliyefungiwa maabara, na akakifikisha mwisho. Maelezo akagundua kwamba hajawahi kumsikia akimaliza kisa. Siku zote yeye alidakia katikati akaendelea na cha kwake. Na mtoto alikuwa mchekeshaji! Alijua mahali pa kusita, alijua sauti za watu. Bibi yake alicheka mpaka akaomba maji. Kule stoo, baba mtu alijiziba mdomo kwa mkono, akicheka na machozi yakimtoka, na machozi hayo si yote yaliyokuwa ya kicheko. Akapiga hesabu. Baada ya miaka minne binti huyu atakuwa mwanamke mzima, pengine ameolewa kwa watu, na visa vyake atakuwa anawasimulia wengine.

Siku ya nne akawa na hakika. Hakutaka mlima, hakutaka nyumba mbili. Alitaka kukaa pale mezani na kuambiwa anyamaze.

Lakini kutoka mwenyewe kwa miguu yake, aende akachekwe na dereva wa lori? Hapana. Neno likimponyoka kwa bahati mbaya, hiyo ni habari nyingine. Kuponyokwa kunamtokea yeyote.

Siku ya tano, mchana, alisogea mlangoni akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Chumvi imezidi."

Vijiko vikasimama. Kisha mama mkwe akaanza kukohoa, kikohozi kikubwa, cha mtu aliyedhamiria.

"Nimesema chumvi imezidi!"

Binti akaanza kuimba. Mama yake akafungulia redio mpaka mwisho. Maelezo akaupiga mlango ngumi. "Jamani, naongea! Hamnisikii? Mimi huyu, naongea!"

Jirani akaja kuuliza kuna nini. "Ni redio," akajibiwa na mama mkwe. "Siku hizi vipindi vyenyewe ni kelele tupu."

Karatasi ikapenyezwa chini ya mlango. Ulikuwa mwandiko wa mke wake: *Jikaze, mume wangu. Zimebaki siku mbili tu. Sisi hatujasikia kitu.*

Basi akaongea mchana kutwa, na siku mbili zilizofuata pia. Alisema habari za wateja, za bei, za ujana wake, na kisa cha mtu aliyenyolewa usingizini alikimaliza mara mbili. Maneno yote aliyokuwa nayo yalitoka, isipokuwa mawili. Kila alipotaka kusema "sitaki kwenda", alianza kisa kingine. Na wao, upande wa pili, wakaimba mpaka sauti zikawakauka.

Asubuhi ya siku ya nane Maelezo alitolewa stoo, na mkaguzi akafungua faili mezani. "Siku ya tano, kimya. Siku ya sita, kimya. Siku ya saba, kimya kabisa." Hilo la "kabisa" mke ndiye aliyeliongeza, kwa wino uliokolea. "Mashahidi, mnathibitisha?"

"Hata kunong'ona hakunong'ona," akasema mama mkwe, sauti imekwaruza kama ya mtu mwenye mafua.

Mke alipoinama kumpa mumewe chai, macho yalikuwa mekundu na yamevimba. Akamnong'oneza sikioni, "Nimekusitiri. Sijawahi kudanganya mtu mzima katika maisha yangu. Nimelia siku zote saba, lakini najua unavyoutamani mlima ule. Singekubali uaibike kwa ajili ya chumvi."

Maelezo akamtazama. Akamtazama mama mkwe, akamtazama binti. Akisema aliongea, amewafanya wanawake wa nyumba yake waongo mbele ya mtu mwenye muhuri. Akisema hataki, basi wameapa uongo bure, na machozi ya siku saba yalikuwa ya mchezo wake.

"Mwombaji ana la kuongeza?" akauliza mkaguzi.

Wote wakamgeukia. Tangu ajenge familia, hakuna siku ambayo nyumba hiyo ilikuwa imenyamaza yote ikimngojea yeye aseme. Akafungua mdomo.

"Sina," akasema.

Mkaguzi akatabasamu kwa mara ya kwanza. Alisema miaka kumi na mmoja kazini hajaona mtu mwenye kipaji cha namna hii. Maelezo akatia sahihi. Mama mkwe akapiga makofi, na mke wake akaingia chumbani kumfungia mizigo, akaufunga mlango nyuma yake ili asisikike akilia.