Jalala wa Dorika

Jalala si jina la kumwita mtoto, najua. Lakini huyu Flora mnayemwona anakuja na gari la mumewe, ndiye alikuwa Jalala wetu.

Mimi na marehemu mke wangu Theodora tulikuwa tumezika watoto, huyu nyuma ya huyu, hata majina yao sisi wenyewe hatujayazoea. Sasa huyu alipozaliwa, mama yangu akasema huyu tusionyeshe kwamba tunamtaka. Akamfunga kitambaa kibovu, akamlaza jalalani nyuma ya zizi, kwenye majivu, akarudi ndani kama mtu aliyemwaga taka. Jirani yetu Dorika, ambaye hakujaliwa kuzaa, alikuwa ameshaambiwa. Akapita, akasema kwa sauti, "Nani katupa hiki? Mimi naokota." Akaenda naye kwake. Jioni tukaenda kumnunua kwa bakuli la uwele. Kifo kikija kwetu kikute hatuna mtoto, tuna taka ya kununua kwa jirani. Wazee wa hapa Mungaa ndivyo walivyofanya.

Dorika alipokea ule uwele akautia mdomoni, akatema. "Alute, umenipunja. Nusu mchanga." Tukacheka. Kila tukigombana kidogo ananikumbusha ule mchanga.

Ugumu ukawa hapa: mtoto mwenyewe haambiwi. Akijua yeye, na kifo kimejua. Anaambiwa akishazaa wa kwake, na wa kumwambia ni yule aliyemwokota. Baba hana ruhusa. Shuleni wenzake wakawa wanammwagia makapi ya alizeti kichwani, "Jalala, pokea mzigo." Akarudi akaniuliza, "Baba, mlichukia sana mlipoona ni msichana?" Nikampeleka kwa Dorika. Dorika ndiye alimpangusa makapi. "Mwanangu, utazaa, utaniletea mtoto, nitakusimulia." Mtoto akaona hata Dorika anamcheka. Alipopata kipaimara akajichagulia Flora, na lile jina hakuliitikia tena.

Akaolewa Singida mjini, akazaa. Dorika kusikia hivyo, akawa anafagia uwanja kila asubuhi. "Alute, hawajaja?" Nikapiga simu. "Baba, mtoto bado mdogo, barabara mbaya." Nikapiga tena. "Baba, nina kazi." Mtoto akaota meno, akatembea. Mvua moja ikapita, Dorika akaanguka, akawa wa kulala tu. Hapo ndipo Flora akaja, mtoto mgongoni.

"Shikamoo, mama Dorika."

"Marahaba. Wewe nani?"

"Flora. Binti wa mzee Alute."

"Flora simjui. Jalala wangu yuko wapi?"

Flora akanitazama, mdomo umebana. Halafu akajibu, kwa upole kabisa, "Jalala hayupo siku hizi, mama."

"Basi nimechelewa kumwambia," Dorika akasema, akageukia ukutani.

Nikamshika binti yangu mkono, nikampeleka nyuma ya zizi. Haikuwa kazi yangu kusema, lakini mwenye kazi yake alikuwa amelala kule. Nikamwambia yote, hadi ule uwele wa mchanga, na majivu yale pale, kuku wanachakura. Alikimbia, kanga ikamdondoka njiani, sikuwahi hata kuiokota.

Namkuta amepiga magoti kando ya kitanda. "Mama, ni mimi. Jalala. Nimekuletea mtoto." Dorika alikuwa anahema tu, amefumba macho. Flora akamweka mtoto karibu na mkono wake, akaita, akaita, mpaka mtoto akaanza kulia. Hakugeuka. Ng'ombe wanarudi kutoka malishoni, akawa ametutoka.

Makaburini mchungaji, mgeni kwetu, akasema mtoto wa marehemu atangulie kutia udongo. Watu wakatazamana, maana wote tunajua Dorika hakuzaa. Flora akatoka mbele.

"Jina lako, mama?"

"Jalala."

Kijana mmoja akacheka puani. Simoni, mzee mwenzangu, akamkazia macho, kijana akainama.

Baadaye wanawake wakifagia chumba cha marehemu, wakatoa bakuli chini ya kitanda, limefunikwa kitambaa cheupe. Wakasema aliliweka tangu siku aliposikia Jalala amejifungua, akakataza mtu asiliguse, ni la mgeni wake.

Flora akafunua. Uwele. Akachota kidogo, akatia mdomoni, akatafuna taratibu, sisi tunamwangalia.

"Hauna mchanga, baba," akasema. Akafunika tena.