Kumlilia Aliye Hai

"Hapana, Mama Joan. Hiyo ni ya kanisa," Kipsang alisema, akinyamazisha gitaa. "Sitaki maneno. Wewe ingia tu, ujaze."

"Nijaze na nini?"

"Chochote, bana."

Nekoye alijifuta jasho. Kwaya ya kanisa la Mabanga ilikuwa imemzoeza kuimba akifuata mkono wa mwalimu, na humu, katika chumba cha kurekodia kilichobandikwa trei za mayai ukutani nyuma ya duka la mbolea mjini Kitale, hapakuwa na mkono wa kuufuata. Tena moyo wake haukuwapo. Ulikuwa Bungoma, wodini, kando ya kaka yake Wangila, ambaye tangu juzi alikuwa akinyweshwa maji kwa kijiko. Na tangu asubuhi simu ya mke wa Wangila ilikuwa mteja tu, haipatikani.

Gitaa likapanda tena. Nekoye akafumba macho, akafungua kinywa, na kilichotoka hakikuwa wimbo. Kilikuwa kile kilio ambacho wanawake wa kwao hukiangua wakifika langoni penye msiba: kirefu, kinapanda, kinavunjika, kinapanda tena. Nyinyi mnaoujua ule wimbo wa roki wa Kipsang, mnaoruka na kupiga kelele mpaka pale katikati halafu mnanyamaza bila kujua kwa nini, kilio chenyewe ndicho hicho.

Kipsang aliweka gitaa chini, machozi yakimlengalenga. "Umemaliza! Haturudii."

"Futa."

"Ati?"

"Futa, Kipsang. Kwetu hatulilii mtu akiwa hai. Nimemwitia ndugu yangu kifo."

Kipsang, aliyekitafuta kipande hicho mwaka mzima, hakubishana. Alikinakili kwenye kaseti, akamtilia mkobani. "Enda umuone kwanza. Ukinipigia useme nifute, nafuta. Haki ya Mungu."

Njia ya Bungoma haikuwahi kuwa ndefu hivyo. Alijilaumu, akaomba, akasahau alichokuwa akiomba, akaanza upya. Mdomo huponza kichwa, wahenga walisema. Wa Nekoye ulikuwa umeponza kichwa cha mwingine.

Wodini kitanda cha Wangila kilikuwa kitupu, godoro limekunjwa. Nekoye alishika chuma cha kitanda. Alitaka kulia, sauti ikakataa kutoka. Yote alikuwa ameiacha Kitale.

"We Nekoye! Unatafuta nani huko?"

Wangila alikuwa barazani, mifupa ndani ya blanketi, anaota jua, kikombe cha uji mkononi. "Si wanaosha sakafu," alisema. "Mbona unaniangalia hivyo?"

Nekoye akaketi chini palepale, akacheka, akalia, akamweleza yote. Wangila aliutazama mkoba wake.

"Iko hapo?"

"Wangila, hapana."

"Si nimeliliwa mimi? Lete."

Mgonjwa wa kitanda cha pili akawaazima redio yake ya kaseti. Kilio kikapanda mpaka kwenye mabati. Wangila alisikiliza amefumba macho, uji ukimpolea mkononi.

"Irudishe mwanzo," alisema. "Kumbe hivi ndivyo utanililia. Wenzangu wanaoliliwa huwa hawapati kusikia." Akaongeza sauti mpaka mwisho.

Mlango ukafunguliwa kwa kishindo. Muuguzi akatoka mbio. "Nani amekufa?"

Wangila akainua mkono kama mtoto darasani.

"Ni mimi, sista. Lakini ngoja kwanza wimbo uishe."