Kope la Saa Kumi

Fundi viatu alikuwa na jicho lililomgombanisha na mkewe. Asubuhi halikuwa na neno. Ikifika saa kumi jioni, baada ya kutwa ya kukodolea sindano na soli, kope la kushoto lilishuka polepole likafunika nusu ya jicho, likapanda kidogo, likashuka tena. Kibanda chake kilitazamana na barabara, na wateja wake wengi walikuwa wanawake waliokatikiwa visigino vya viatu. Haikuchukua mwezi wakamwita Bwana Konyeza, na jina likamtangulia kufika nyumbani.

Mkewe hakupiga kelele. "Nenda hospitali," alimwambia. "Kama ni ugonjwa, waandike ni ugonjwa."

Hapo ndipo fundi alipojitia kitanzi mwenyewe. Alilala mapema, akaoga alfajiri, akavaa shati la pasi na kuwa wa kwanza kwenye foleni. Mara tatu alikwenda, zote asubuhi, maana alilelewa kwamba mtu haendi kwa daktari akinuka jasho. Jicho nalo lilikuwa limelala usingizi wake wote, limetulia tuli. Cheti cha tatu kikaandikwa: macho mazima.

Mkewe alikisoma akiwa amesimama.

"Basi kama ni zima, linafanya unavyolituma. Kwa wateja unakonyeza, kwangu unasinzia."

Akafungasha mkoba wake, akaenda kwa dada yake. Dada mtu naye akaongeza chumvi: lisemwalo lipo. Fundi akabaki na cheti chake, na nyumba ikamwia kubwa.

Wiki ya pili, muuguzi wa kliniki ya macho alipita kuchukua kiatu chake akitoka kazini. Fundi aliinamisha uso haraka, amechoka kusingiziwa.

"Fundi, hebu niangalie," alisema muuguzi. "Hilo kope huwa hivyo kila jioni?"

"Kila jioni. Asubuhi sina kitu. Ninacho hadi cheti."

"Ndiyo maana. Kesho njoo saa kumi, moja kwa moja kutoka hapa. Usioge, usipumzike. Na mkeo aje."

Mke alikuja. Alisema amekuja kusikia uongo wa nne.

Daktari alimtaka fundi atazame alama kwenye dari bila kushusha macho. Kabla ya dakika kuisha, kope lilikuwa limeanguka kama pazia lililokatika kamba. Daktari akatia barafu ndani ya glavu, akaizungushia kitambaa, akampa yule mke.

"Mwekee wewe juu ya kope. Dakika mbili."

Fundi alifumba macho. Mkono wa mkewe haukuwa umemgusa tangu aondoke, na aliona aibu kwa jinsi alivyofurahi. Glavu ilipotolewa, kope lilikuwa limepanda, macho yote mawili wazi.

"Hakonyezi," daktari alisema. "Mishipa ya fahamu inatuma ujumbe, lakini haufiki vizuri kwenye msuli, na kazi ikizidi msuli unachoka. Baridi inausaidia kwa muda mfupi. Tutapima damu na kupiga picha ya kifua, maana tezi ya humo huweza kuwa chanzo, na vipo vidonge. Ila akianza kupaliwa na chakula au kukosa pumzi, mleteni saa hiyohiyo. Msingoje asubuhi."

Mke alimgeukia mumewe.

"Jioni zote zile unafumba macho nikiongea, mimi nikajua umenichoka."

"Jioni nilikuwa nakuona wawili," fundi alisema. "Mmoja tu amenishinda, wawili ningewaweza wapi?"

Daktari alijishughulisha na kalamu yake. Mke alitaka kucheka, machozi yakawahi.

Baada ya dakika chache kope likaanza kushuka tena. Mke hakungoja kuambiwa. Aliichukua ile glavu, akaiweka juu ya jicho kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili akakishika kichwa cha mumewe kisitikisike.

"Mkoba wangu uko kwa dada," alisema. "Tuupitie tukirudi."