Vibuyu Viwili, Kamba Moja

Mama aliishika simu yangu mbali na macho, akaitazama kwa muda mrefu picha iliyokuwa kwenye makala ya kisayansi. Vibuyu viwili vya maziwa kwenye kamba moja. Juu yake jina la profesa wangu. Langu lilikuwa chini kabisa, kwenye shukrani, pamoja na fundi wa majokofu.

Nilikuwa nimerudi kijijini Mungaa kwa likizo, nikiwa na hasira.

Mwaka mmoja kabla, katika maabara ya ughaibuni, nilipima sakiti ndogo kuliko punje ya mtama, iliyopozwa kwa baridi kali hadi umeme ukapita ndani yake bila kizuizi. Nikaingiza mwanga wa mikrowevu, usioonekana kwa macho. Nilitarajia kilele kimoja kwenye grafu, vikaja viwili.

Profesa akaguna. "Umeunganisha nyaya vibaya, Jenifa. Futa, anza upya."

Sikufuta. Nilikumbuka nikiwa na miaka tisa, nilivyoona uvivu kufunga kamba mbili, nikatundika vibuyu vyote viwili vya kusukia maziwa kwenye moja. Nilisukuma kimoja. Kikayumba, kikapunguza mwendo, kikatulia, na cha pili ambacho sikukigusa kikaanza kuyumba. Kisha kikakirudishia cha kwanza mwendo. Siagi haikupatikana, na mama alinichapa. Lakini ndivyo mwanga na sakiti vilivyofanya: vilipokezana nguvu upesi kabla haijapotea, hata usiweze kusema huu ni mwanga na hii ni sakiti. Ndipo vilele vikawa viwili. Nilimchorea profesa kwenye daftari, nikaandika tarehe. Alicheka, akaupiga picha ukurasa ule.

Miezi sita baadaye ugunduzi ukachapishwa kama wake. Nilime mimi, avune yeye. Nilipouliza, akaniambia nishukuru kwamba nimetajwa. Nikalalamika kwa kamati ya chuo, nayo ikataka nithibitishe kwamba wazo la vibuyu lilikuwa langu, kana kwamba yeye alizaliwa zizini.

"Aliyechora hapa hajawahi kusukasuka maziwa," mama alisema hatimaye. "Midomo ya vibuyu imetazama chini. Yangemwagika yote."

Nilimnyang'anya simu. Kweli. Alivigeuza ili visifanane na vyangu, bila kujua kwamba kibuyu cha maziwa hakitazami chini.

Siku hiyohiyo niliiandikia kamati. Niliambatanisha ukurasa wa daftari, midomo ikitazama juu, na maneno ya mama kama alivyoyasema. Nilipofika kwenye nafasi ya shahidi, nikamuuliza mama nimwandike kwa jina gani.

"Asnath Alute. Majina yote mawili, na yawe juu," alisema. "Wasije wakaniweka kwenye shukrani."