Nusu Kichwa

Kinyozi alimsikia mtu redioni akisema kwamba wema usiotoka moyoni ni unafiki, na tangu hapo hakupata raha. Je, yeye ni mwema, au anajipendekeza tu? Leo, akimnyoa mzee asiyeona, swali hilo likamkaba katikati ya kichwa cha watu. Akazima mashine, akajikodolea macho kiooni utadhani uso ule ameuazima.

“Umeme umekatika?” mzee akauliza.

“Hapana, babu. Najiuliza kama mimi ni mtu mwema kweli, au mnafiki.”

Mzee akapapasa kichwa chake: kushoto kipara, kulia kichaka.

“Jiulize taratibu, mjukuu wangu, haraka haraka haina baraka. Ila kwanza nishike mkono univushe barabara. Ng’ambo pale kuna mnafiki anayemaliza kazi.”