Zamu ya Maalim Mansur

Maalim Mansur aliacha pombe kali ya waragi mwaka wa 1976, akiwa amekwisha kufukuzwa madrasa aliyofundisha pale Old Kampala, na mkewe amerudi kwao. Kunywa alianza miaka miwili nyuma, siku watu wa usalama wenye miwani myeusi walipomtoa kaka yake Maftah dukani mchana kweupe, wakamtia kwenye buti ya gari. Tangu hapo Maftah hakuonekana, si mzima si maiti. Asiye na kaburi la kuzuru hajui aanzie wapi kulia. Mansur alianzia kwenye chupa.

Aliyemtoa huko ni Katembo, seremala Mkongomani wa Wandegeya, naye mlevi wa zamani. Katembo hakumhubiria. Alimwokota mtaroni asubuhi moja, akamnywesha uji, akamsimulia jinsi alivyouza randa na misumeno yake apate pombe, na jinsi mwanawe alivyokufa kwa surua baba mtu amelala kilabuni. Mansur hakuwa amewahi kumsikia mtu akiitaja aibu yake kwa sauti ya kawaida namna ile.

Wakawa wanakutana karakana kwa Katembo kila Alhamisi alasiri. Siku hizo watu wakikusanyika walishukiwa, na kituo cha polisi hakikuwa mbali, kwa hiyo kila aliyekuja alibeba kiti kibovu ili aonekane mteja. Sharti lao lilikuwa moja: asiyetokea, mwenziwe amfuate kwake kabla ya magharibi. Kwenda huko walikwenda kwa zamu.

Wa tatu kuja alikuwa Kamis, sajini dereva aliyekaa Mbuya. Alikuja bila sare, mikono ikimtetemeka hata kikombe hakishikiki. Mansur alipojua ni askari alisimama aondoke, Katembo akamzuia, akamwambia kiu ya huyu ni ileile yao. Mansur akakaa kwa shingo upande. Lakini miezi mitatu ikapita, mikono ya Kamis ikatulia, akaanza hata kucheka. Siku moja, wakati sukari imeadimika mjini, alimletea Mansur kilo nzima. Mansur aliipokea, na akajikuta anamngoja Kamis kila Alhamisi kama mtu angojavyo ndugu.

Halafu ikaja Alhamisi ambayo Kamis alisema kilichomwanzisha kunywa.

"Mimi nilikuwa dereva wa lori," alisema, macho chini. "Wao wanapakia watu nyuma, mimi napeleka msituni, njia ya Jinja. Nikirudi naosha lori. Basi, nikaanza kunywa."

Mansur akamwuliza ni mwaka gani. Kamis akautaja. Ulikuwa mwaka uleule aliochukuliwa Maftah.

"Hukumwona mtu mrefu, amevaa kanzu, ana kovu kidevuni?"

"Maalim, sikuangalia nyuma hata siku moja. Ningeangalia, nisingeweza kuendesha."

Mansur alichukua kiti chake akaenda zake.

Alhamisi iliyofuata Kamis hakutokea, na zamu ilikuwa ya Mansur. Katembo alimwangalia usoni. Mansur akatoka, akatembea mpaka pale barabara inapoanza kupanda kilima cha Mbuya, akasimama. Akajiambia ana haki ya kupumzika siku moja. Akageuka. Ijumaa nayo hakwenda.

Jumamosi Maimunah, mke wa Kamis, alifika karakana kusema mumewe amefariki. Alikuwa amekunywa waragi mbichi, ile iliyokuwa ikipofusha watu. Alieleza kwamba Kamis alishikwa na kiu tangu Jumatano, akaogopa kupita mbele ya vilabu peke yake, ndiyo maana hakuja.

"Alisema nyinyi mna sharti, mwenzake atamfuata," Maimunah alisema. "Alikaa mlangoni tangu adhuhuri. Ilipoadhiniwa magharibi akanyanyuka, akatoka."

Majirani waliogopa kuingia nyumba ya askari aliyekufa vile, na hapakuwa na wa kumwosha. Mansur akasema ataosha yeye. Alimwosha kama inavyopasa, upande wa kulia kisha wa kushoto, akimwaga maji polepole. Alidhani kifo kitaifuta chuki, haikufutika. Huruma ilikuwapo na chuki ilikuwapo, zote mbili, na kati ya hizo mikono ya Kamis imetulia kabisa.

Baada ya maziko alimweleza Katembo kwamba alifika chini ya kilima akarudi.

"Nilikuona usoni kabla hujatoka," Katembo alisema. "Nilijua hutafika. Ningeweza kwenda mimi. Sikwenda."

Siku ya arobaini Mansur alipanda Mbuya. Alimkuta Maimunah anachambua mchele, akamwambia yote: kwamba zamu ilikuwa yake, kwamba hakuugua wala hakuzuiwa na mtu, na sababu yake ni ipi. Maimunah alimsikiliza mpaka mwisho. Hakumlaani. Alisema anasikitika kwa ajili ya kaka yake Maftah, kisha akamwomba atoke na asirudi tena pale.

Mansur akatoka. Alikatiza mji kwa miguu, akavipita vilabu vyote vya njiani, mpaka Wandegeya. Katembo alikuwa akipiga randa. Alimwona, akaiweka randa chini, akamsogezea benchi. Mansur akakaa, akalia mpaka jua likatua, na Katembo hakumwambia anyamaze.