Paneli ya Pili

Mteja akianza na maneno "nimeona kwenye simu," mimi hutafuta kiti kwanza, maana najua hapo tutakaa. Ameona Mzungu amebandika paneli laini kama mkeka juu ya gari lake, amekaa pembeni anakunywa kahawa, na sasa naye anataka vivyo hivyo. Nikimweleza kwamba paneli ile ikigandishwa kwenye bati hupikwa na joto, na kwamba paneli inayopikwa hutoa umeme kwa kununa, hasikii. Mimi ni Frida, mtoto wa Bukoba, fundi wa umeme wa jua hapa Kagugu, Kigali, na majirani zangu watakwambia nina mdomo. Wahaya tumesingiziwa mengi, lakini hilo hatukusingiziwa.

Ndiyo maana mzee Ntare alinipendeza tangu siku ya kwanza. Hakuwa ameona chochote kwenye simu. Aliegesha nje ya karakana yangu Haisi fupi nyeupe iliyowahi kubeba mikate, akafungua mlango wa nyuma, akanionyesha kitanda alichokichonga mwenyewe, kabati dogo la vyombo na pazia la maua. Nikamwambia kwa utani kwamba kumbe wastaafu wa Kigali nao wameanza kutalii kama Wazungu. Hakucheka. Alipapasa godoro kwa kiganja, akalinyoosha shuka ambalo halikuwa limekunjamana.

Alikulia Uganda, na Kiswahili chake kilikuwa cha kuokoteza: kidogo cha Mbarara, kidogo cha kambini, na "iko" moja iliyofanyishwa kazi zote. Kwa Kiswahili hicho alinieleza kwamba mkewe, Mukunde, mapafu yake yamechoka kabisa. Kinachomweka hai ni mashine ndogo ya oksijeni iliyochomekwa ukutani nyumbani kwao Kinyinya, na mama huyo hajavuka geti kwa muda mrefu, kwa sababu waya hauvuki geti. Alizaliwa Karagwe, ng'ambo ya mpaka, ukimbizini, na mama yake amezikwa huko. Sasa anataka kwenda kulizuru kaburi. Kule kwa ndugu, migombani, umeme haujafika.

"Nataka paneri mbili," alisema. "Hii mashine haitakiwi kuzima. Hata dakika moja."

Nikapanda juu ya gari kupima. Hesabu yenyewe haikuwa ngumu. Njiani injini ingesaidia kuchaji betri. Gari likishasimama kijijini, kila kitu kingekuwa juu ya jua. Paneli moja ingerudisha nusu tu ya kile mashine inachokula, kwa hiyo betri ingepungua kidogo kidogo kila siku hadi ifike mwisho. Paneli mbili zingerudisha chote, na mtu angeweza kukaa kule apendavyo, kisha arudi. Nikamshauri achukue zile ngumu za kioo, tuziinue kidogo juu ya bati ili upepo upite chini yake. Akakubali bila kunibishia, nikazidi kumpenda.

Tatizo lilikuwa dirisha. Katikati ya paa kulikuwa na dirisha la kioo, jipya. Mukunde ndiye aliyeliomba. Alisema amechoka kulala akitazama dari, anataka akilala aone mbingu. Ntare akalitoboa mwenyewe na kulifunga. Na sasa paa lile fupi lingebeba dirisha na paneli moja, au paneli mbili bila dirisha. Nilipomweleza hivyo akaniomba nikija nyumbani nimwambie mama kwamba dirisha limepata ufa, lazima lizibwe.

Nikamuuliza kwa nini asimwambie mwenyewe ukweli, kwamba anataka paneli mbili. Akanitazama kama niliyemwomba avue nguo sokoni.

Hapo ndipo huwa nashindwa na watu wa huku, ingawa nimeishi nao miaka na nimewazoea. Jambo zito hawalisemi usoni. Watalizunguka, watalifunika, watakuuliza habari za ng'ombe. Kwetu Bukoba mtu akiugua hivyo nyumba nzima ingekuwa imeshagombana, imeshalia na imeshapatana. Nilimjibu kwamba mimi ni fundi, siyo mjumbe wa uongo. Lakini kazi niliichukua.

Gari tulikubaliana nilifungie kwao, ili asimwache mgonjwa. Nikaanza Ijumaa, nikamaliza nyaya na betri. Kesho yake ilikuwa Jumamosi ya mwisho wa mwezi, siku ya umuganda, ambapo asubuhi mji mzima unatoka kufanya kazi za jumuiya na hakuna fundi anayeruhusiwa kugonga nyundo yake binafsi. Ntare hakuwahi kukosa umuganda hata mmoja. Alichukua jembe, akaniomba nikae ndani na mkewe mpaka arudi, kwa kuwa mgonjwa haachwi peke yake. Kwa hiyo nilikaa, mikono mapajani, na kukaa bure ni kitu nisichokiweza.

Mukunde alikuwa mwembamba, kichwa amekifunga kitambaa cha buluu, na mpira wa oksijeni umepita chini ya pua hadi nyuma ya masikio. Nilipomwamkia shikamoo aliitikia marahaba kwa sauti ya kwetu kabisa. Kiswahili chake kilikuwa cha Karagwe, kimenyooka. Akaniuliza kama bado watu wa Bukoba wanajiona wao ndio waliogundua kula senene. Nikamjibu kwamba hatujioni, ni kweli tuligundua. Alicheka, na kicheko kikamgeukia kikohozi, nikamshika mabega mpaka kikapita. Nje majembe yalikuwa yakilia kwenye mfereji wa barabara, na mashine ilikuwa ikihema kwenye kona ya chumba.

Alipopata pumzi akaniuliza kama mzee ameagiza paneli mbili. Nikasema ndiyo.

"Funga moja," alisema. "Niachie dirisha langu."

Nilimweleza hesabu, taratibu, kama ninavyowaeleza wale wa simu. Kwamba kwa moja, siku chache tu kijijini na betri itakwisha. Alinisikiliza hadi mwisho. Akasema hesabu hiyo ameshaipiga.

"Ya kwenda inatosha, mwanangu," akasema. "Mimi ya kurudi sina haja nayo. Nataka nilale kwa mama yangu. Maiti ikivuka mpaka wa Rusumo inadaiwa karatasi kuliko mtu aliye hai, na Ntare atateseka na mihuri. Acha nivuke mwenyewe, nikiwa na kitambulisho changu mkononi."

Aliyasema kama anayepanga safari ya sokoni. Mimi nikikaribia kulia huwa nakasirika, ndivyo nilivyoumbwa. Nikamwuliza kama mzee anajua. Akasema hajui, na nisimwambie, nimwambie tu kwamba paa halibebi paneli mbili. Nikainuka. Nikamwambia kwamba nyumba hii ina watu wawili na wote wawili wameniajiri kusema uongo, na kwamba mimi, mama, samahani sana, sijawahi kumfungia mtu umeme wa kwenda tu, na sitaanzia kwake. Nina jina la kulinda mjini hapa.

Nilitegemea akasirike. Alinitazama tu kwa upole, kisha akafumba macho, na mashine ikaendelea kuhema kati yetu. Nikakaa tena. Nililia kidogo, na najua alinisikia.

Ntare aliporudi, magoti yana udongo, nilimwambia kazi itasimama hadi Jumatatu. Hakuuliza kwa nini. Jumatatu nilishuka Nyabugogo kwa Salvator, mchomeleaji ninayemwamini, nikamchorea ninachotaka: fremu ya chuma yenye bawaba upande mmoja, na fimbo ya kuitegemeza. Alinicheka, akasema nimeanza kutengeneza paa za kuku. Lakini aliichomelea vizuri. Paneli ya kwanza niliifunga nyuma. Ya pili niliilaza juu ya dirisha, kwenye bawaba. Gari likiwa safarini inalala imefunika kioo, komeo limekazwa. Gari likisimama, unaiinua kwa fimbo kama mfuniko wa sanduku, inaliangalia jua, na chini yake anayelala anaiona mbingu. Kwa hiyo sikumdanganya yeyote. Nilijisifu njia nzima kurudi Kagugu, kusema kweli.

Siku ya kuondoka nilikwenda kuwaaga. Tulimtoa Mukunde chumbani hadi kwenye gari, mimi nimebeba mashine, Ntare amembeba yeye. Tulipochomoa waya ukutani mashine ilibaki ikihema kwa betri yake yenyewe ndogo, na nilipoichomeka ndani ya gari taa ya kijani ikawaka. Ntare akashusha pumzi kana kwamba ndiye mgonjwa. Alipokwenda kufunga nyumba, nikaiinua paneli kwa fimbo ili mama aone. Mwanga ukamwangukia usoni. Alitazama juu muda mrefu, mawingu yakipita, kisha akanishika mkono.

"Umenishinda, binti wa Bukoba," alisema. "Basi hiyo ya pili ni ya Ntare."

Nilidhani ananitania. Nikaishusha, nikakaza komeo, nikarudi kazini.

Habari za kifo cha Mukunde zilinifikia kwa simu ya jirani yao. Alifia Karagwe na amezikwa hukohuko, na mzee bado yuko kwa wakwe zake. Nilikaa chini karakanani nikalia kwa sauti, kwa Kihaya, na mteja mmoja aliyekuja kuulizia taa za uani akaondoka kwa adabu.

Zilipita wiki kadhaa. Mchana mmoja, jua kali, Haisi nyeupe ikaegesha nje, nyekundu kwa vumbi la njia ya Karagwe kupitia Benako. Ntare akashuka. Alikuwa amekonda, na ndevu zake ambazo hazikuwahi kuonekana zilikuwa zimeota nyeupe. Nikamshika mikono miwili, nikampa pole, nikamwambia wihangane, neno lao la msiba ambalo linaomba mtu avumilie. Akaitikia kama inavyotakiwa, kwa kichwa, macho makavu. Wanyarwanda wana methali kwamba machozi ya mwanaume hutiririka kwenda tumboni, na yeye alikuwa ameelewa methali hiyo kama amri.

Alinisimulia, amesimama, mkono kwenye mlango wa gari. Kwamba walifika salama. Kwamba walikaa kwenye migomba, karibu na kaburi, na kila asubuhi yeye aliinua paneli kwa fimbo. Ndugu walikuja wakaimba. Kwamba siku yenyewe alikuwa amekwenda kumchemshia uji, akarudi akamkuta macho yameelekea dirishani.

"Alijua anabaki kule," alisema. "Mimi pia nilijua. Rakini nani anaweza fungia bibi yake umeme ya kwenda tu?"

Mimi na mdomo wangu wote nikamwambia tu kwamba kazi aliyoniagiza nilitaka imfae.

"Imefaa," akasema. "Haijazima. Hata dakika moja."

Sikumwelewa. Ndipo akasukuma mlango, na nikaisikia.

Mashine ilikuwa ikihema. Ilikuwa pale pale nilipoiweka, taa ya kijani inawaka, na mpira wake umelazwa juu ya mto, umenyooshwa vizuri, kando ya kitambaa cha buluu kilichokunjwa. Shuka lilikuwa halina kunjo. Nikapeleka kiganja kwenye ncha ya mpira. Hewa ilikuwa ikitoka, baridi, safi, inaingia kwenye mto. Ilikuwa imetoka hivyo wakati wa mazishi, wakati wa matanga, ilivuka Rusumo ikitoka hivyo, na kila aliposimama njiani alikuwa ameinua paneli ili isife.

"Nimejaribu," Ntare alisema nyuma yangu, na sauti yake ilikuwa ndogo. "Mkono inakataa. Fundi, wewe ndiye uliwasha. Zima."

Nilipanda ndani, nikapiga magoti kando ya kitanda. Nilitaka kumwambia nami mkono unakataa. Nilitaka kumgombeza, kwamba nimefunga paneli na sikuajiriwa kwa hili. Lakini niliikumbuka sauti ya yule mama chini ya mwanga, ikisema hiyo ya pili ni ya Ntare, na safari hii nikaelewa kwamba hakuwa ananitania. Alijua mumewe atarudi nayo ikihema. Nikasema, "Mama, kwaheri," nikabonyeza.

Mashine ikatoa mlio mmoja mfupi, ikanyamaza. Barabarani pikipiki ilipita. Kwenye jengo jipya jirani mafundi walikuwa wakipanga matofali.

Ntare alikuwa amevua kofia. Alisikiliza, kisha akaniuliza, kwa adabu, kama mteja anayeulizia kazi yake, betri imebakiza kiasi gani.

Nikatazama kwenye kioo cha kipimo.

"Imejaa, mzee," nikamwambia.

Akaketi kwenye ngazi ya gari, akafunika uso kwa kofia, na akalia.